Nakala ya Mihayo

Hapana, Kalunde, sijagombana na mwalimu. Kwa nini nyie watu wa nyumba hii, mkiona mtu katoka chumbani kwangu anajifuta machozi, mnajua tu nimemtukana? Yule analia kwa sababu zake, nitakwambia. Na haya macho yangu mekundu si ugonjwa. Ni ndoto. Vuta kigoda ukae, bibi yako bado anasonga ugali. Usiponiamini shauri yako, mke wangu, nitaoa mwingine mwenye masikio.

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko porini, nakagua mizinga.

Pori ni lile lile letu la mininga, ila limefagiliwa. Chini hakuna hata jani moja. Nikajiuliza nani kafagia pori zima, maana hiyo ni kazi ya mwaka, na ufagio wenyewe atautoa wapi. Nikaacha. Nikaenda mpaka kwenye mti wa kwanza, nikapanda kwa kamba kama siku zote. Sikutaka kurina asali, nilitaka kuchungulia tu.

Mzinga ukaniuliza, "Neno la siri?"

Sikushangaa. Sijui kwa nini ndotoni mtu hashangai. Nikaujibu kwamba mimi ndiye mwenye mzinga, nimeuchonga kwa shoka langu mwenyewe.

"Wote wanasema hivyo," ukasema mzinga.

Nikajaribu jina langu, Ntabo. Ukasema hilo kila mtu analijua mpaka mbuzi. Nikajaribu la bibi yako, Nyanzala. Ukasema jina la mke ndilo la kwanza mwizi kujaribu. Nikajaribu mwaka niliozaliwa, nao siujui vizuri, nikasema ule wa nzige. Ukasema neno liwe na herufi kubwa, liwe na namba, na liwe na kitu kingine ambacho si herufi wala namba. Nikaguna. Mzinga ukafikiri kidogo, ukasema mguno ni mzuri, ila ni mfupi.

Sasa nikitaka kubisha, naona ulimi mzito. Kuna mtu mdomoni mwangu. Mtu mdogo, kama punje ya karanga, kalala juu ya ulimi kajifunika blanketi. Akafungua jicho moja.

"Mzee, funga mdomo," akasema. "Kuna baridi."

Nikamuuliza kwa puani yeye ni nani. Akasema yeye ndiye siri ya Mihayo. Niliambiwa nisiitoe kwa mtu, basi yeye kakaa humo mwezi wa nane huu, na kama sitajali anaomba nipunguze chai ya moto.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana ulikuwa chuoni Dodoma na mengine hukuyaona. Baba yako Mihayo, siku ile ya mwisho hospitalini, alikuwa hana sauti. Alinishika mkono, akaniwekea ufunguo wa lile sanduku lake la bati. Nikasogeza sikio. Akasema, "Baba, hii ni siri. Usimpe mtu." Hakusema tena kitu cha kueleweka. Asubuhi tukawa tunatafuta gari la kumrudisha nyumbani.

Siku ya arobaini tuligawa vitu vyake, kama tunavyofanya. Koti la kahawia kachukua baba yako mdogo. Viatu kachukua yule mjomba wa Urambo, na vinambana, anavivaa hivyo hivyo. Mashati, mkanda, redio, saa, mpaka ile kofia ya jua, vyote vikapata watu. Ndivyo inavyotakiwa, mtu asikae na nguo za marehemu zinamtazama ukutani. Lakini sanduku nililipeleka chini ya kitanda changu. Waliouliza niliwaambia ni neno la marehemu.

Ndani ya sanduku mnajua kilichokuwemo. Kaunta buku saba. Ile kazi aliyokuwa anakaa nayo kila jioni pale mezani, anaandika anafuta, anaandika anafuta. Masomo ya kuwafundisha watoto wasidanganywe kwenye simu na kompyuta, wasiibiwe majina yao, wasimfungulie mtu wasiyemjua. Aliniambia kitabu cha hayo mambo kwa Kiswahili cha mtoto wa kidato cha pili hakupata, akaamua kukiandika mwenyewe kwa mkono. Mimi niliishia darasa la tatu, nikimtazama naona mtu anayelima kwa kalamu.

Mwalimu Kokugonza, huyu aliyetoka analia, alikuwa anafundisha darasa la jirani na lake. Alinijia mara tatu. Mara ya kwanza msibani. Mara ya pili baada ya arobaini. Akanieleza kwa adabu yake yote ya Bukoba kwamba walimu wa shule nne wamekubaliana kuchangia walichonacho, kila mmoja alete masomo aliyoyatengeneza, asiye nacho apate, aliye nacho kibaya kirekebishwe. Na katika jambo hili la usalama wa mitandaoni, wote wamefika mikono mitupu, aliyekuwa nacho ni Mihayo peke yake. Akasema pia kwamba siri aliyoisema Mihayo haikuwa madaftari. Ni kikaratasi. Alikuwa ameandika maneno ya siri ya wanafunzi wote, yale ya kufungulia kompyuta za shule, na kikaratasi hicho kimo humo humo sandukuni.

Nikamwambia neno la marehemu halipunguzwi. Akaenda.

Mara ya tatu ni wiki iliyopita. Hakuomba kitu. Alikuja kunihadithia habari za Nyamizi, binti wa shule moja kati ya hizo nne. Kuna mtu alimtumia ujumbe anajifanya ni mwalimu, akamwomba neno lake la siri, mtoto akatoa, kwa heshima tu, mwalimu akiomba unampa. Yule mtu akaingia kwa jina la Nyamizi akawaandikia watu matusi na machafu, mpaka mchungaji, mpaka mjomba wake. Nani ataamini si yeye? Binti kaacha shule. Anakaa ndani. Mwalimu akasema, "Mzee wangu, hilo ni somo la pili la Mihayo. Nilimsikia akilifundisha kupitia dirishani." Akanywa maji, akaenda.

Sasa turudi porini.

Nikashuka mtini. Natafuta chini kwa mguu, nakuta ngazi ya saruji. Nashuka, nashuka, natokea kwenye korido ya hospitali. Benchi refu. Kwenye benchi wamekaa madaftari saba, kila moja limeshika kadi ya mgonjwa.

La kwanza likainuka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnaumwa nini?"

Likasema hawaumwi, wanasubiri. Nikauliza wanamsubiri nani. Yakatazamana. Yakasema yalidhani mimi ndiye ninayejua.

Mwisho wa benchi kuna kirusi, kajifunika shuka mpaka kidevuni, mpole kabisa. Akanipa mkono, nikaupokea. Tulipoachana mikono akawa wawili. Wote wawili wakaniuliza habari za nyumbani. Nikawaambia nzuri tu, nikaficha mkono mfukoni.

Pembeni yao kakaa ndoano ya kuvulia samaki, imevaa suti na tai. Ikasimama kwa heshima.

"Hongera, mzee. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Bonyeza hapa utajua."

"Nibonyeze wapi?"

"Popote," ikasema ndoano. "Hata goti."

Daftari la pili likanivuta shati, likaninong'oneza nisiijibu. Nikasema mbona mwenyewe ana adabu. Daftari likasema ndiyo kazi yake hiyo. Likasema pia kwamba hayo yote limeyaandika ndani, ukurasa wa nne, na Nyamizi angesoma ukurasa wa nne asingetoa neno lake. Halikunilaumu. Lilisema tu, kama mtu anayekwambia saa. Mimi nikatazama chini, nikaona nimevaa viatu vya hospitali vya karatasi.

"Babu," likasema la tano, ambalo ndilo nene kuliko yote, "unatuweka kwa ajili ya nani?"

Yule mtu wa mdomoni akavuta blanketi lake. Nikasema nina haraka.

Korido inaisha kwenye ukuta wa moto. Nasema moto kweli, Kalunde, si rangi. Umejengwa mstari kwa mstari kama tofali, moto juu ya moto, na mjenzi kapiga lipu vizuri. Kuna mlango mmoja, na mlangoni kakaa nyegere, kavaa sare ya mlinzi, ana daftari la wageni mapajani.

Namfahamu nyegere huyo. Ndiye aliyenivunjia mizinga mitatu kiangazi kile, akala masega na watoto wa nyuki wote. Nikamwambia namfahamu. Akasema ni kweli, zamani alikuwa mwizi, sasa ameajiriwa, maana waajiri walitaka mtu anayejua wezi wanapitia wapi. Tukaulizana hali ya mvua. Akasema kuingia ni kwa hatua mbili.

Nikapiga hatua mbili.

"Umepiga tatu," akasema.

Nikabisha. Akasema nirudi nianze. Nikarudi, nikapiga hatua mbili ndefu za mtu mwenye hasira, akazipima kwa kamba, akaridhika. Kisha akanyanyua pua. "Mdomoni una nini?"

"Sina kitu."

Akaandika kwenye daftari lake: hana kitu. Akaandika polepole, ananitazama. Mdomoni nikasikia mtu anapumua.

Nyuma ya ukuta wa moto hapana joto. Ni ghala, kubwa kama lile la tumbaku pale mjini, na limejaa rafu. Kila kitu kwenye rafu kiko mara tatu. Majogoo watatu, wanawika pamoja. Vikombe vitatu vyenye ufa ule ule. Mvua ya mwaka juzi, nakala tatu, zimekunjwa vizuri. Katikati kakaa mashine ya fotokopi, mama mtu mzima, kavaa miwani, anafuma kitambaa cha meza. Alikuwa na ile sauti ya uuguzi, ya kuwaambia watu mambo mengi kwa siku.

Hapo ndipo nilijua kilichonileta. Sikuwa nimekuja kuangalia mizinga.

"Naomba nakala ya mwanangu," nikasema.

"Jina?"

"Mihayo, mwana wa Ntabo. Mwalimu."

Akafungua kifuniko chake. Taa ikapita kwenda kulia, ikarudi kushoto. Nasubiri.

"Mlihifadhi wapi?"

"Hatukuhifadhi."

"Hata moja?"

"Alikuwa mmoja."

Mama mashine akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. Akasema pole. Akasema kanuni ya hapa ni nakala tatu, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani, ili nyumba ikiungua kibaki kitu. Nikamwambia kanuni hiyo naijua kwa vitu vingine, kwa mtu sikuijua. Nikalia. Nafikiri nililia mpaka nje ya ndoto, maana bibi yako anasema nilikuwa natoa sauti kama mtu anayesukuma gari.

Akaniacha nilie nimalize. Kisha akasema mtu hatuna, mzee, hatujawahi kuwa naye hapa. Lakini alichofundisha, ukikileta, nakutolea hata mia.

Nikasema siwezi. Niliambiwa nisimpe mtu.

"Usimpe ufunguo," akasema, "au kilichomo?"

Kalunde, nikwambie ukweli, na usimwambie bibi yako kabla sijamwambia mwenyewe. Nilijua. Tangu ile mara ya pili Mwalimu Kokugonza alivyonieleza habari za kikaratasi, nilijua anasema kweli, maana baba yako hakuwa mchoyo, mtoto yule alikuwa akipewa muwa anakata vipande anagawa njiani mpaka anafika nyumbani na fundo. Angewezaje kuficha masomo? Nilijua na nikanyamaza. Nguo zake zimekwenda kwa watu. Viatu vyake viko Urambo. Nilitaka kubaki na kitu ambacho ni changu peke yangu, kiko chini ya kitanda, nikinyoosha mkono nakigusa. Nilikuwa nakigusa kila siku. Sanduku lenyewe sikulifungua hata mara moja. Kuligusa tu.

Haya yote sikumwambia mama mashine. Nilisema tu kwamba nimechoka, kuna pa kukaa?

Akasema kuna dawati.

Nageuka, ghala ni darasa. Limejaa watoto, sare za shule nne, wengine wamekaa watatu watatu, wengine wamesimama nyuma. Mbele kabisa kuna binti kainamisha kichwa, sikuwahi kumwona maishani, nikajua ni Nyamizi. Wamefungua madaftari. Kalamu zote ziko juu ya karatasi. Hakuna anayeandika.

Ubaoni kasimama mwalimu, katupa mgongo. Koti la kahawia. Nikasema moyoni, mbona koti hilo alichukua mdogo wake? Chaki kashika mkono wa kushoto, kidole kidogo kimenyanyuka.

"Mihayo," nikaita kwa puani.

Hakugeuka. "Baba, nafundisha," akasema.

Ndivyo alivyokuwa, utamkumbuka. Ukimkatiza anafundisha, hakugombezi, anakwambia tu anafundisha.

Nikakaa kwenye dawati, magoti yakagonga ubao wa chini. Namtazama anaandika. Mkono unakwenda, chaki inalia, lakini ubao unabaki mweusi. Anaandika mstari mzima, hakuna kitu. Anapangusa palipo patupu, anaanza tena. Watoto wanasubiri kwa adabu. Nikaona bega lake limechoka. Nikaona anaendelea.

Kisha akaacha kuandika, akauliza kwa mdomo, bado katupa mgongo.

"Mzee mmoja ana mizinga arobaini na mmoja. Kwa nini hakuitundika yote kwenye mti mmoja?"

Mimi nikashtuka hapo. Ndoto nzima sijashtuka, si kwa mzinga, si kwa nyegere, nikashtuka hapo. Kwa sababu kila mtu anajua nina mizinga arobaini. Bibi yako anajua arobaini. Bwana nyuki wa wilaya ameandika arobaini. Wa arobaini na moja uko kule kwenye majabali, mwendo wa kutwa nzima, peke yake, na sijawahi kumwambia mtu yeyote aliye hai. Niliutundika huko mwaka moto ulipokula pori, nikabaki bila hata nyuki wa kuanzia. Nikasema sitarudia. Moto ukija tena, nyegere akija, mwizi akija, kule kutabaki kundi moja.

Nyamizi kanyanyua kichwa kidogo, hajui.

"Baba, wewe unajua," akasema Mihayo. "Waambie."

Natikisa kichwa. Naonyesha mdomo. Mdomoni yule mtu mdogo kaamka kabisa sasa, kakaa, anakunja blanketi lake pembe kwa pembe.

"Ukifungua mimi naondoka," akasema.

Nikamwomba kwa puani asiondoke. Nikamwambia amekaa miezi minane, nimemzoea, nimeacha chai ya moto kwa ajili yake.

"Umenitunza vizuri," akasema. "Lakini mimi ni maneno ya siri ya watoto tu, mzee. Mihayo hayumo humu."

Nikafungua mdomo.

Akatoka, kaweka blanketi kwapani, akashuka kwenye ndevu zangu kama mtu anayeshuka kilima, akaruka juu ya dawati, akaenda zake chini ya mlango. Mdomo ukawa mwepesi mpaka ukaniuma. Nikasema, mbele ya watoto wote wale, kwa sauti yangu hii, kwamba mzee hakutundika mizinga yote mti mmoja kwa sababu moto ukija…

Na ubaoni mstari wa kwanza ukatokea. Mweupe. Watoto wakaanza kuandika, kalamu zote pamoja, kama mvua inaanza kwenye bati. Naona bega la Mihayo linazunguka. Anageuka. Naona sikio, naona ncha ya shavu, ile sehemu aliyokuwa hainyoi vizuri.

Nikaamka.

Sikumwona uso. Nilijilaza tena haraka, nikafumba macho, nikijua kabisa haisaidii. Nikakaa hivyo mpaka kuku wakaanza kutoka.

Kulipopambazuka nikampigia Mwalimu Kokugonza, nikamwambia njoo na vyombo vyako. Akauliza vyombo gani. Nikasema vya kubebea madaftari. Kumbe hakuhitaji vyombo, alikuja na simu yake tu, na betri ya akiba.

Nimefungua sanduku mbele yake. Harufu ikatoka, Kalunde. Chaki, na yale mafuta yake ya nazi, na karatasi. Miezi minane ilikuwa imefungiwa humo. Nilivuta pumzi moja, na mwalimu akatazama dirishani mpaka nikamaliza.

Kikaratasi kilikuwa juu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, kimekunjwa mara nne. Nikakinyoosha kwake nimuulize ndicho chenyewe? Mwalimu kageuza uso ukutani kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Akasema nisimwonyeshe, hata yeye haruhusiwi, na watoto walishapewa maneno mengine kitambo, nikichome. Nikakipeleka jikoni kwa bibi yako, nikakitia motoni mwenyewe, nikasubiri mpaka kikaisha. Kwa hiyo hilo nimelitimiza. Sikumpa mtu.

Kisha akaanza na daftari la kwanza. Anafungua ukurasa, anapiga picha. Anafungua, anapiga picha. Mimi kazi yangu ilikuwa kubana pembe kwa kidole zisinyanyuke. La pili alipofika ukurasa wa nne akausoma kimya, akasema Jumatatu kabla ya kwenda kazini atapitia kwa kina Nyamizi, akae na mama yake kwanza. La tatu, la nne. Akanieleza picha zikiisha zitaenda shule zote nne leo leo, na mwenzake mmoja anayejua kuchora ataweka picha, na mwingine ana maswali ya majaribio aliyoyatunga atayaongeza, na jina la Mihayo litakaa mbele.

Daftari la tano akafungua katikati, akaanza kucheka kidogo. Akasema kuna mfano wa nyuki. Nikamwambia asome. Siwezi kusoma mwandiko wa haraka, na miwani yangu unaijua.

Akasoma. Somo la kutunza nakala za akiba. "Mzee mmoja ana mizinga arobaini na mmoja. Kwa nini hakuitundika yote kwenye mti mmoja?" Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, kachora majabali mawili na mti na mzinga mmoja.

Nikamwomba asome tena namba. Akasoma. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole. Nne na moja, Kalunde. Namba nazijua.

Alinifuata siku moja, unaona. Sijui ana miaka mingapi wakati huo. Mwendo wa kutwa nzima, mtoto ananifuata nyuma mbali, hajaita, hajaomba maji, kaona baba yake anaweka mzinga mahali pa siri, akarudi akanyamaza maisha yake yote. Halafu akaja kuwafundishia watoto wa watu. Mwalimu ananiuliza, huyo mzee ni nani, Mihayo hakuwahi kututajia. Nikamwambia. Ndipo akatoka nje analia, ukamwona, na sasa umekuja na maneno yako ya ugomvi.

Alirudi akamaliza la sita na la saba. Kisha akayapanga yote sandukuni, akanikabidhi. Nikahesabu, saba. Nikalibeba, uzito ule ule. Miezi yote nilidhani nikimpa mtu nitabaki na bati tupu. Harufu tu ndiyo imepungua. Nililala kifudifudi nikainusa tena kabla hujaja, imepungua sana.

Haya, bibi yako anaita. Twende, nishike mkono, magoti haya yamekaa kwenye dawati usiku kucha. Mwambie mwalimu aache simu kwanza, picha zinajituma zenyewe, hazihitaji kutazamwa. Mimi nimekuwa nikila chumbani kwangu tangu msiba, najua, mlikuwa mnaniwekea sahani mlangoni. Leo sogezeni mkeka. Mwalimu, karibu upande huu, kuna majani ya kunde ya karanga, Bukoba hamyapati haya. Nyanzala, acha chungu, kaa. Kaa na wewe, mama Mihayo. Kalunde, mwagie mgeni maji anawe, kisha mimi, kisha wewe ukae hapa karibu yangu.

Wote mmekaa? Basi tule.